Mpakiaji chai aliyejifunza kufuma akiwa hospitalini

Lori la kiwanda limechelewa tena. Katika kituo cha kupokea majani chai kilicho juu kidogo ya Kapkatet, wakulima wameketi kando ya vikapu vyao wakizungumza juu ya mvua. Kepher Gichana amekalia kreti, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Anafuma mkono wa sweta ya manjano, ndogo kama ya mwanasesere.

"Hii ni ya mtoto ambaye bado hajazaliwa," anasema. "Mama yake ameniambia mwezi ujao. Sasa nakimbizana na yeye."

Gichana, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, hakutoka kwao Kisii ili aje kufuma. Alikuja kupakia chai, na kwa miaka mingi alibeba magunia mgongoni bila kulalamika. Kisha siku moja ya mvua, miaka minane iliyopita, aliteleza juu ya lori akaanguka. Mfupa wa paja ukavunjika.

Alilazwa miezi minne, mguu ukivutwa kwa kamba na mawe. Anasema maumivu aliyazoea. Kilichomshinda ni kukaa bure.

"Nilianza kugombana na watu. Hata mke wangu akileta uji, nilikuwa namwambia ni baridi, kumbe ni moto."

Kwenye kitanda cha pili alilala kijana aitwaye Weldon, na mama yake, Cheptoo, alikuja kila siku kutoka Sigor na uzi wake kwenye mfuko. Alifuma huku akimlinda mwanawe. Mchana mmoja, alipochoka kusikia manung'uniko ya Gichana, alimgeukia.

"Baba, kilichovunjika ni mguu," alimwambia. "Mikono iko na shida gani?"

Akampa spoku mbili za baiskeli zilizonolewa ncha, na uzi uliofumuliwa kutoka sweta ya mtumba. Kazi ya kwanza ilikuwa kofia. Ilitoka pana upande mmoja, lakini Gichana alimzawadia Weldon, naye akaivaa siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani.

"Alitembea nayo mpaka kwa geti," anakumbuka Gichana. "Nilijisikia mtu tena."

Mguu ulipona, ila ukabaki mfupi kidogo. Kupakia hakuwezi. Sasa anafagia kituo na kutundika mizani, kwa karibu nusu ya mshahara wa zamani. Lori likichelewa, anafuma. Watoto wengi wa jirani wamevaa zawadi zake.

Desemba iliyopita, akina mama wa kanisa lake waliandaa mnada wa kununulia blanketi wodi ya watoto ya hospitali ile aliyolazwa. Gichana alipeleka sweta kumi. Viongozi wa kikundi wakamwomba jambo moja: ziandikwe jina la mkewe, Janefer.

"Waliniambia watu wakijua ni za mwanaume watacheka, na sweta zitabaki. Nikakubali. Nilitaka watoto wapate blanketi."

Janefer hakuwa ameambiwa. Mnunuzi mmoja alipomsifu mbele ya watu, alishangaa.

"Mimi hata kushika sindano sijui," alisema. "Hizo ni za huyu mzee wangu. Amezifuma moja moja, nikiona."

Vikazuka vicheko. Gichana anasema alitafuta mlango wa nyuma. Lakini mzee Kiplangat, mkulima anayeogopwa kwa maneno yake makali, aliinuka akachukua sweta nyekundu. Akaivuta mabegani, kwapani na shingoni.

"Hii haipasuki," alisema. "Nifungieni, ni ya mjukuu wangu. Na muandike jina la mwenyewe."

Kabla ya chakula cha mchana meza ilikuwa tupu. Blanketi zilipelekwa wodini wiki hiyo hiyo.

"Nilimkasirikia kidogo kwa kunificha," anasema Janefer, akimtazama mumewe na kutabasamu. "Lakini ningewezaje kukaa na sifa yake?"

Mwaka huu Gichana anajiandaa kwa mnada mwingine. Ila kuna jambo analolitamani zaidi. Ameongea na muuguzi wa wodi ya wanaume, na kuanzia Jumamosi ijayo atakuwa akienda huko na mfuko wa uzi, awafundishe wale waliovunjika miguu.

"Mtu akilala pale, anahesabu mbao za dari," anasema. "Mimi nataka ahesabu vishono."