Mchezo Uliomwacha Baba

Juzi wajukuu walikuwa wanatazama vichekesho kwenye runinga. Vilianza na baba na wanawe, siku hizi ni majirani tu wanagombana baa. Nikauliza, "Baba yao yuko wapi?"

"Bibi, alishatolewa zamani!"

Nikaikumbuka redio ya dukani nilipokuwa mtoto, mama akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, barazani, harufu ya mafuta ya taa imetujaa puani. Katika mchezo wa redioni nako baba alisafiri, hadithi ikahamia hotelini. Baba yangu naye alikuwa Geita, akichimba dhahabu.

"Mama, mbona hawamtaji tena?"

"Wewe cheka tu, Kabula."

Nilidhani tukicheka bila baba wa redioni, na wangu hatarudi. Nikabana mdomo mpaka mashavu yakauma. Mama akacheka kuliko wote. Baba hakurudi; nilimnunia mama miaka, nikiamini kicheko chake ndicho kilichomzuia njiani.