Mchapaji aliyeandika hata kimya

Kila baada ya dakika arobaini mchapaji anasimamisha sauti, anavua hedfoni zake kubwa za kufunika masikio na kuzigeuza juu chini. Anaibonyeza mito yake kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kuona kama kuna unyevu. Leo upo. Vitone vidogo, kama vile vinavyoachwa na pumzi kwenye kioo, vimetanda ndani ya upande wa kulia.

Anachukua kitambaa cha pamba kilichokuwa mapajani, anafuta, anaziacha wazi mezani na kwenda kumgeuza baba yake kitandani. Akirudi, zimekauka. Anazivaa, anakanyaga pedali iliyo chini ya meza, na sauti ya mkulima asiyemjua inaendelea kulalamikia bei ya mbolea.

"Hiyo ndiyo ratiba ya nyumba hii," anasema. "Zenyewe zinapumzika, Mzee anageuka, mimi nanyoosha mgongo. Tunakwenda sawa wote watatu."

Mtaani wanamwita Masikio, na amelizoea. Kazi yake ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na watafiti na kuyachapa neno kwa neno. Hulipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa ya kazi, na dakika moja ya sauti humla dakika nne mpaka tano za kuchapa. Mtu akiongea huku anatafuna, sita.

Sheria ya ofisi inayompa kazi ni moja: hakuna kurembesha. Mtu akisema "aa", inaandikwa. Akikohoa, inaandikwa. Akinyamaza, sekunde za kunyamaza zinahesabiwa na kuandikwa. Na katika kila maneno mia, makosa yasizidi mawili. Kazi ikirudishwa mara tatu, basi, huitwi tena.

Zamani aliifanya kazi hii katika jengo la ofisi, watu kumi na wanne chumba kimoja. Miaka miwili iliyopita baba yake, dereva wa lori aliyestaafu, alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka karibu yote. Daktari aliagiza ageuzwe angalau kila baada ya saa mbili, mchana kutwa, asije akatoka vidonda.

Mchapaji aliomba kufanyia kazi nyumbani. Ofisi ikakubali, kwa sharti kwamba ubora usishuke. "Ubora ukishuka, narudi ofisini. Nikirudi ofisini, Mzee namfungia mlango asubuhi naufungua jioni. Sasa hapo nitakuwa nachapa nini? Akili yote itakuwa huku."

Kikwazo kilikuwa ukuta. Upande wa pili wa ukuta wa chumba chake kuna karakana ya fundi wa mageti, na msumeno wa chuma hauna adabu. Wadogo zake wawili wakachanga, wakamnunulia hedfoni za gharama, zile zinazokata kelele za nje. Bei yake ilikuwa sawa na kipato chake cha miezi miwili na nusu. Zilikuja na kasha gumu, kijitabu cha maelezo na waranti ya miaka miwili.

"Siku ya kwanza nilizivaa nikalia," anasema bila haya. "Fundi anakata chuma pale, mimi nasikia mtu akimeza mate kwenye rekodi."

Alizitunza kama yai. Kila jioni, akishamaliza, alizikunja, akazitia kwenye kasha na kufunga zipu mpaka mwisho. Hata vumbi halikupata nafasi.

Mwezi wa nane tangu azipate, upande wa kulia ukaanza kukwaruza. Kisha kile kifaa cha ndani kinachotambua kama umezivaa au umezivua kikachanganyikiwa, sauti ikawa inajisimamisha yenyewe katikati ya sentensi.

"Nimezivaa kichwani, zenyewe zinasema sipo," anacheka. Wakati ule hakucheka. Katika wiki mbili kazi yake ilirudishwa mara mbili.

Akazipeleka kwenye waranti, roho kwatu. Jibu likaja baada ya siku kumi na mbili, pamoja na picha ya kibandiko kidogo kilichomo ndani, ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Kilikuwa chekundu. Kifaa kimeingia maji, ilisema barua, na maji hayamo kwenye waranti.

Alijibu kwamba hajawahi kuzimwagia hata tone. Wakamwomba risiti, ambayo walikuwa nayo. Akaituma tena. Wakamtumia fomu. Akaijaza. Wakamjibu kwamba kifaa kimeingia maji, na kwamba kwa kuwa yeye ni mteja wa thamani, wangempunguzia asilimia kumi akinunua nyingine. Hedfoni zenyewe zikarudishwa kwake vilevile mbovu, zimefungwa vizuri sana.

Hapa ndipo anapomtaja jirani yake, na macho yanamlegea. Alikwenda karakana kumweleza kwamba kazi ikirudishwa mara moja zaidi yatakuwa mengine. Hakuomba chochote, anasema, alikwenda kulalamika tu. Kesho yake asubuhi msumeno haukulia.

Kwa wiki tano fundi wa mageti alipaka rangi na kupima vyuma asubuhi, akawa anakata mchana tu. Asubuhi hizo, kwa visikizi vya bei rahisi vya kuchomeka masikioni, mchapaji alifanya kazi ya siku nzima.

Fundi mwenyewe, akiulizwa, anaona anakuzwa bure. "Geti halikimbii. Mteja ndiye ana haraka, na mteja nilimwambia rangi haijakauka," anasema akifuta mikono. "Yule dada ana mgonjwa. Na Mzee ndiye aliyenibebea mashine yangu ya kwanza kwenye lori lake, hakunidai kitu. Ningefanyaje?"

Lakini wiki tano si maisha. Fundi naye wateja walianza kumnunia. Mchapaji akapiga simu huduma kwa wateja, si barua tena. Mashine ikamtangazia kwamba simu inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Kijana alipopokea, mchapaji alimwambia kuwa na yeye upande wake anarekodi, kwa ajili hiyohiyo. Kijana akacheka, akasema sawa dada.

Waliongea dakika tisa. Alipokata, hakulalamika kwa mtu. Aliweka rekodi kwenye kompyuta, akavaa vile visikizi vyake dhaifu, akafanya kitu pekee anachokijua: akaichapa. Yote, na muda wake pembeni, bila kurembesha. Ukurasa wa tatu unasomeka hivi:

*Dakika 6, sekunde 12. MPIGAJI: Kwa hiyo kaka, jasho la masikio ni maji yaliyomwagika?*

*Dakika 6, sekunde 16. (Kimya, sekunde kumi na moja.)*

*Dakika 6, sekunde 27. HUDUMA: Aa… dada, nikuambie ukweli? Hata sisi hapa tumepewa hizohizo. Tunavaa kutwa. Zinatoa jasho. Mimi naweka tishu.*

*Dakika 6, sekunde 39. HUDUMA: Na jioni usizifungie kwenye kasha. Zikilala humo na unyevu wake, kile kibandiko lazima kigeuke.*

*Dakika 6, sekunde 48. MPIGAJI: Lakini kijitabu chenu, ukurasa wa tisa, kinasema zihifadhiwe kwenye kasha mara tu baada ya kutumika.*

*Dakika 6, sekunde 56. (Kimya, sekunde sita.)*

*Dakika 7, sekunde 2. HUDUMA: Mh.*

"Ile 'mh' niliisikiliza mara nne," anasema. "Nilitaka niwe na hakika ni 'mh' na si 'aha'. Ilikuwa 'mh'."

Ndipo alipoelewa kwamba zile jioni zote za kufunga zipu alikuwa akiziua hedfoni zake kwa upendo, tena kwa kufuata maelekezo. Alijisikia mjinga, kisha akahisi hasira, kisha akakumbuka kijana.

Maana karatasi ile ilikuwa na uzito kwa sababu ya kijana yule peke yake. Kampuni ingejua ni nani. Kwenye kazi za watafiti mchapaji hufuta majina ya wasemaji, lakini hapa kufuta jina kusingesaidia. Kwa siku mbili karatasi zilikaa mezani. Siku ya tatu kazi moja ilitakiwa kufika ofisini saa nane mchana, na mvua ilipiga bati asubuhi nzima, visikizi vikashindwa. Aliituma akijua haiko sawa. Hawakuirudisha, na mpaka leo hajui ni kwa bahati au kwa huruma ya mtu fulani pale ofisini. "Yeyote aliyeiacha ipite, Mungu ampe," anasema.

Akampigia tena kijana. Alimsomea ukurasa wa tatu wote, pamoja na kimya chake. Akamwambia kwamba akikataa, hatautuma.

Kijana alimjibu: "Dada, nimesema au sijasema? Basi tuma. Na ile ya tishu usiitoe."

Zilipita siku tisa. Hedfoni mpya zikaletwa mlangoni, na barua ya mistari mitatu ikieleza kwamba zimebadilishwa kwa hisani, kwa mara hii tu. Neno hisani lilimkera kidogo, na anakiri hivyo. Lakini saa ileile alikwenda karakana kumwambia fundi akate chuma chake wakati wowote anaotaka, na fundi akakata mpaka jioni kama mtu aliyetoka kifungoni.

Kijana alipewa barua ya onyo. Mchapaji alipoipata habari hiyo, aliandika barua yake kwa mkuu wa kitengo, ukurasa mmoja, akieleza kwamba mfanyakazi wao mmoja amemfanya aendelee kuwaamini. Aliomba iwekwe kwenye faili la mhusika.

"Onyo lilifika Jumatatu, ya kwako Alhamisi," kijana alimwambia baadaye kwa simu. "Zimelala pamoja humo, sijui zinaongea nini."

Bado yuko kazini. Na mchapaji hajawahi kumwona. "Sura yake siijui kabisa. Lakini akisimama sokoni nyuma yangu akauliza bei ya nyanya, nitageuka. Najua mpaka anapovuta pumzi."

Mipango yake si mikubwa. Anataka kuweka akiba ya kitanda cha kunyanyua mgongo, na amekubali kumfundisha uchapaji mama mmoja wa mtaa wa pili anayeuguza mume, ili na yeye apate riziki bila kutoka nyumbani. Kubwa zaidi ni Jumapili ijayo. Kijana ameahidi kuja kuwasalimia.

Mzee ameelezwa kisa chote, na anajua ni nani anayekuja. Wiki ya pili sasa anajizoeza neno moja, "karibu", ambalo hajalitamka tangu augue. Wiki iliyopita lilikuwa likikwama kwenye "ka". Juzi lilitoka lote.

Mwandishi wa makala haya aliingia chumbani, akamwamkia na kusubiri. Mzee alimtazama kwa upole, akatikisa kichwa na kubana midomo. Binti yake alicheka mpaka akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Usimlaumu," alisema. "Neno analo moja, na anamtunzia mwenyewe."