Fundi Djamali na pikipiki ya kwenda Nyakabere

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Rugenge, mjini Uvira. Djamali Ngongo amepiga magoti kando ya pikipiki inayotoa moshi mweusi tititi. Anavuta gesi, injini inakohoa. Anaachia, inazima. Anasonya, anaipiga teke tena.

"Iko inakunywa esansi sana na hewa haipati," anasema bila kuinua kichwa. "Ikienda hivi, itamuzimikia Ndikumana mu njia. Na siku hizi mu njia hapana pahali pa kuzimikiwa."

Ndikumana ndiye mwenye pikipiki. Ni dereva pekee aliyekubali kwenda Nyakabere leo, huko uwandani, ambako bunduki zinasikika tangu juzi. Na Nyakabere ndiko aliko Apollinarie, mke wa fundi huyu. Alikwenda kumchukua mama yake mzee, vita vikamkuta hukohuko. Tangu jana simu yake haipatikani.

Ndikumana anakwenda kuwaleta wote wawili, kwa hiyo hii si kazi ya mteja tu.

Djamali alishika spana akiwa kijana, baada ya baba yake, muuza vitenge, kuporwa duka katika vita vya mwanzo. Ameukimbia mji huu na kuurudia mara nyingi hata hataki kuhesabu. Siku nzuri humpa faranga elfu ishirini. Wiki hii hakuna siku nzuri. Wateja wamekimbia na pikipiki zao.

Anafungua buji, ile plagi inayowasha moto ndani ya injini. Imejaa masizi makavu kama tako la sufuria. Anakagua choki inayobana hewa, iko sawa. Anashusha kabureta inayochanganya esansi na hewa, anaimwaga, anatikisa boya lake, anapuliza sindano kwa mdomo. Safi! Anairudisha, anawasha. Moshi uleule. Karibu saa nzima imepotea, na barabarani familia zinapita na magodoro kichwani zikielekea bandarini.

"Mungu wangu, inataka nini hii?" anafoka.

Ndikumana anajikuna shingo. Labda ni esansi mbaya, petroli ya kuchanganywa, anasema.

Djamali anamtazama kidogo. Kisha anachomoa mpira unaoleta hewa kutoka kwenye kisanduku cha chujio, anawasha tena. Injini inanguruma bila kikohozi na moshi unakatika. Basi ugonjwa umejulikana: njia ya hewa imezibwa huko nyuma.

"Weye! Umeweka nini mule ndani?"

"Polepole, shemeji," Ndikumana ananong'ona. Wanaitana hivyo kwa kuwa yeye na Apollinarie ni wa kijiji kimoja. Pale njia panda wamesimama watu wenye bunduki.

Ndani ya kisanduku, imeshindiliwa juu ya chujio, mna simu iliyoviringishwa katika kipande cha kitenge.

"Kwa barieri wananyang'anya," anajitetea dereva. "Wamekwisha kunikamatia simu mbili. Minye sikutaka muntu ajue."

"Hata fundi? Minye niko natafuta ugonjwa, bibi yangu Apollinarie iko kule, na weye unanyamaza!" Djamali amewaka hasira. Halafu anacheka ghafla, kicheko cha mtu aliyechoka. "Vita imetufundisha kufichana mpaka kwa fundi."

Wala si mara ya kwanza. Mwezi uliopita alitoa mkufu wa mtu katika kisanduku kama hicho.

Kuirudisha simu ni kuinyonga injini. Kuibeba mfukoni ni kuwapelekea wenye barieri, wale wa vizuizi vya barabarani, zawadi. Ndikumana anasita, kisha anaiweka mkononi mwa Djamali na kuondoka na pikipiki kwenda Nyakabere.

Hapo ndipo mateso yanapoanza. Simu iko kwa fundi, sasa hakuna wa kumpigia. Anapanga spana, anazipangua. Anatoka barabarani, anarudi, anatoka tena. Adhuhuri anaingia ndani kuswali na kurudi amekunja uso.

"Nimeswali rakaa ngapi, sijue," anakiri.

Jua limeinama Ndikumana anapotokeza, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Nyuma yake ameketi Pétronille, mama mkwe wa Djamali, na mwanamke kijana aliyekumbatia mtoto mchanga. Apollinarie hayupo.

"Bibi yangu iko wapi?"

"Ametoa nafasi yake," anajibu Ndikumana, akitazama chini. "Huyu alizaa juzi, hawezi kutembea. Apollinarie akasema, 'Mwambie Djamali asikasirike. Minye niko na miguu.'"

Anakasirika, tena sana. Analipiga teke sanduku la spana, anauliza ni nani aliyemtuma mke wake kuwa mwema leo, siku zote hazikumtosha? Machozi yanamtoka mbele ya watu na hayafuti. Pétronille anamshika mkono.

Baadaye anafungua buji. Imekuwa ya kahawia, kavu, kama inavyotakiwa. Anaifunga, anaongeza esansi, anamrudishia Ndikumana simu yake na kuomba ufunguo. Dereva anampa bila ubishi.

"Nitafuata njia ya mashamba ya mpunga," Djamali anaeleza mpango wake. "Nikimukuta anatembea, namupandisha. Nisipomukuta, nafika mpaka kule."

"Mwanangu, giza inaingia," anasema Pétronille.

"Njo maana naenda sasa, mama. Apollinarie anaogopa giza. Ni weye tu hajakuambia."