Nilivyotafsiri Maneno ya Shangazi Leo Kotile

Leo nimepata nafasi niliyoitafuta mwaka mzima, na sina raha hata kidogo.

Mnajua nasomea maendeleo ya jamii. Wafadhili wa mradi wa maji walikuja hapa Kotile, wakaniomba niwatafsirie Kisomali. Nikifanya vizuri, watanichukua kwa mafunzo ya kazi.

Mkutanoni, Eedo Halima, shangazi yangu, akasimama.

"Mfereji mmeuweka kando ya kibanda cha chai, wanaume wamejaa," alisema kwa Kisomali. "Sisi wanawake bado tunachota mtoni, kwenye mamba."

Mimi nikatafsiri: "Anasema asante sana, wanaomba mfereji mwingine."

Wageni wakapiga makofi. (Jamani, niliitaka sana ile nafasi.)

Eedo akanigeukia, akasema kwa Kiswahili mbele ya wote:

"Mimi sikusema asante."

Nikacheka. Nikawaambia wageni anatania. Wakacheka pia, wakapanda gari lao.

Jioni wamenipigia simu: naanza Jumatatu.

Nikaenda kwa Eedo kuomba msamaha. Kabla sijafungua mdomo, alinimiminia chai, akaniuliza masomo yanaendeleaje.

Afadhali angenigombeza.

Mlio kwenye kazi hizi, niambieni: Jumatatu nitawaelezaje wale watu?