Desimali za Magharibi

Baba yangu alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo kwetu Msambweni, na mwaka ule wa mvua za Elnino macho yake yalikuwa yamekwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Tuliojua ni mama na mimi tu. Njia ya msikitini aliijua kwa miguu, adhana alikuwa nayo kifuani, lakini saa ya ukutani hakuiona tena, na mawingu yale yalimnyima hata kulihisi jua usoni. Ramadhani ilikuwa mlangoni. "Wakijua wataniweka kando," aliniambia. "Na nikiwekwa kando, mwanangu, nitakuwa mtu gani?"

Basi mimi, fundi mwenye kichwa kikubwa, nikasema, niachie mimi.

Nilikuwa nikitengeneza redio na kompyuta Ukunda, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Mgeni mmoja aliyekuja kufunga mitambo ya simu katika hoteli ya Diani aliniachia bodi ndogo yenye chipu yake, pamoja na sidii ya programu. Nilitaka bodi ile ihesabu mwendo wa jua, kisha ilie kila wakati wa sala unapoingia. Ningeifunga katika kisanduku kidogo, baba akitie katika mfuko wa kanzu, na hakuna ambaye angejua.

Lakini chipu ile haikuelewa lugha ya kompyuta yangu. Ilinibidi kwanza nijenge kompaila maalumu, yaani programu ya kutafsiri, inayokaa kwenye kompyuta yangu huku ikiandika maagizo ya chipu nyingine. Na kabla ya kuijenga unaandika mstari mrefu wa machaguo. Kuna target, yaani chipu unayoikusudia. Kuna prefix, mahali pa kuviweka vitu vyako visichanganyike na vya kompyuta yenyewe. Na kulikuwa na chaguo la kusema kwamba chipu hii haina sehemu ya kukokotoa desimali, kwa hiyo desimali zote zifanywe na programu. Hilo nililiacha. Nilinakili mstari wa mfano kutoka kwenye sidii, wa chipu kubwa zaidi yenye sehemu hiyo, nikabadilisha jina tu, nikabonyeza. Haraka ya nini, jamani?

Kujenga kulichukua siku mbili na nusu, maana stima ilikuwa ikikatika kila mvua inapoanza. Nilipomaliza, programu yangu ya nyakati za sala ilianza vizuri, ikaifikia desimali ya kwanza, ikagoma. Tuli! Nikajua papo hapo nimekosea wapi. Dawa ilikuwa moja: kufuta kila kitu, kuuandika mstari upya na kujenga tena tangu mwanzo. Na mwezi ulitarajiwa kuandama kesho kutwa.

Nikazikata desimali. Niliandika hesabu zote kwa namba nzima, kila kipande kilichobaki kikatupwa. Nikalinganisha na kalenda ya msikiti kwa siku ya kwanza: sawasawa. Nikajipiga kifua. Nilijua, wallahi nilijua, kwamba namba ukizikata hivyo kila mara zinashuka, na kushuka maana yake ni mapema, siku nyingine kidogo, siku nyingine zaidi. Nikajiambia ni sekunde hizo, nani atahesabu sekunde? Ningeweza kuinakili kalenda yenyewe, siku zote thelathini, kazi ya asubuhi moja. Lakini niliona hiyo ni kazi ya karani, na mimi nilitaka sifa.

Kwetu, mwenye saa na asiye na saa wote humngoja mwadhini. Tende iko mkononi, koo limekauka, lakini haiingii kinywani mpaka sauti yake isikike. Siku ya kumi na moja mawingu yalikuwa mazito tangu alasiri. Kisanduku kikalia mfukoni mwa baba, naye akaadhini kwa sauti ile ile tuliyoizoea. Tukala tende, tukanywa maji. Nilikuwa barazani kwa msikiti na wenzangu, kikombe cha uji mkononi, ndipo redio ya duka la jirani ilipoanza adhana ya Mombasa. Dakika nne nzima baada ya yetu.

Kila mtu aliacha kutafuna. "Lo! Tumefungua mchana!" akasema mmoja, na saa zikatazamwa. Wazee, wagonjwa waliojikaza, wanawake waliopika tangu adhuhuri na njaa zao, funga ya siku nzima ilikuwa imewaharibikia, na kila mmoja angeilipa siku nyingine.

Imamu hakumpigia baba kelele, na afadhali angempigia. Alimwuliza tu, "Mzee, uliitazama saa?"

Baba alisimama mlangoni, mkono ukipapasa nguzo. "Siioni," alisema. "Nina miezi siioni. Niwieni radhi, jamaa zangu. Nimewaharibia funga."

Kisanduku hakukitaja. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mdomo nilikuwa nao, maneno nilikuwa nayo, nikainamia uji wangu kama mwizi.

Kesho yake aliadhini mtu mwingine.

Nilirudi Ukunda na kisanduku, nikafuta kila kitu, nikaandika mstari wote wa machaguo, na lile la desimali likiwamo, nikajenga upya. Nikaipima programu kwa siku nyingi, haikukosea hata dakika. Baba alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata. Nafasi ya kumwambia ukweli niliipata mara moja tu, baada ya Idi, na njia nzima ya kwenda nyumbani nilikuwa nikiyapanga maneno.

Siku hizo alikuwa akisali nyumbani. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikakiweka kisanduku mbele yake. Kabla sijafungua mdomo kikalia, na hapo hapo adhana ya Magharibi ikatoka msikitini. Baba akainua uso, akatabasamu.

"Umesikia? Chombo chako kiko sawa. Kilikuwa sawa siku zote. Siku ile ni mimi, nilisikia kisicholia. Macho yamekwenda, na masikio nayo yanafuata." Akautafuta mkono wangu, akaushika. "Usione haya mbele za watu kwa ajili yangu."

"Pole, baba," nikasema.