Nilikiruka Kifungu Kimoja, Sasa Dada Anangoja Majibu ya Damu

Admin, naomba ufiche jina langu na la mradi, maana hapa Isiolo tunajuana sana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mturkana, na ninafanya kazi ya maabara katika mradi wa utafiti. Tunachunguza monosaiti, yaani chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviua. Tunazitenga kutoka kwenye damu ya mtu, tunazipa vijidudu, halafu tunaangalia kama zimefanya kazi yake. Kazi naipenda, siwezi kudanganya.

Dada yangu mkubwa anaishi kijijini Gotu. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki, na karo yangu ilitoka kwenye mbuzi wake. Amezika watoto wawili, wote kwa majipu na homa zisizoisha. Huyu wa tatu, msichana wa miaka mitatu, ameanza vilevile. Mradi ulipotaka watoto wa upande huo, nilimfikiria yeye kwanza.

Kabla ya damu kutolewa, lazima mzazi asomewe karatasi ya ridhaa kwa lugha yake. Mimi ndiye niliyemsomea kwa Kiturkana, tumekaa kwenye ngozi nje ya nyumba yake. Kuna kifungu kinachosema kwamba utafiti huu hautampa mtoto majibu wala matibabu. Nilikiruka. Nilijua akikisikia atakataa, maana nani atakubali mwanawe adungwe bure? Nami nilitaka sana kuiona hiyo damu. Badala yake nikamwambia, "Tutajua shida ni nini." Akaweka kidole gumba kwenye karatasi, kisha akanichinjia mbuzi.

Maabarani damu haina jina, ina namba tu, lakini namba ile niliiandika kwa mkono wangu. Siku hiyo damu ya mtu mzima mwenye afya, ya kulinganishia, ilikuwa yangu. Chembe zangu zilimeza vijidudu zikavimaliza. Za mtoto zilimeza pia, lakini vijidudu vikabaki hai humo ndani. Nikasema labda nimekosea mahali, nikarudia na damu iliyobaki. Ikawa vilevile. Nilienda chooni nikalia.

Nilimweleza mkubwa wangu wa kazi bila kusema ni mtoto wa nani. Alinijibu kwa upole, "Hiki si kipimo cha hospitali. Hatuwezi kumpa mzazi, na karatasi aliyoweka kidole inasema hivyo." Nikampeleka mtoto hospitali mwenyewe. Daktari akauliza, "Majibu yako wapi?" Sina karatasi yoyote. Akasema kipimo cha kuthibitisha hakifanywi hapa, na hata kikipatikana, tiba yenyewe iko ng'ambo. Akatuandikia dawa ya jipu, tukarudi.

Dada hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. "Mtoto ya mama, ile damu imesema nini?" Namwambia bado inapimwa. Jumapili iliyopita hata hakuuliza. Aliniambia tu kwamba jipu lingine limetokea shingoni, halafu akasema, "Nimeambia wamama wenye watoto wagonjwa wakuje. Wako saba. Wanangoja wewe, si hao wengine, juu wewe unasema ukweli."

Nimepangiwa kwenda Gotu Alhamisi na karatasi zile zile. Nikikisoma kile kifungu, dada yangu atakuwa ameketi hapo, akikisikia kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake. Nikikiruka, nitakuwa nimewafanyia wengine saba nilichomfanyia yeye. Nikijifanya mgonjwa, atatumwa mwenzangu, naye atakisoma. Na katika yote hayo, hakuna hata moja linalomponya mtoto.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nyinyi mnaosoma hapa, mngekuwa mimi, Alhamisi mngemwambia nini dada yenu?