Printa ya Edah na Uso wa Mama Cherono

Saa moja asubuhi, katika duka la uchapaji analofanyia kazi Kitale, Edah Walubengo anawasha printa na kurudi nyuma hatua moja.

"Usiiguse. Inaamka," anamwambia mwandishi aliyemtembelea.

Ndani kunanguruma. Printa inajikagua: memori, karatasi, wino wa unga, joto. Taa ya kijani ikiwaka, ndipo Edah anapowasha kompyuta.

"Ukianza na kompyuta, itaita na mwenzake bado amelala. Ati itakuambia hakuna printa, na wewe unaiona hapo mezani!"

Mzaliwa huyu wa Lugulu, miaka thelathini na sita, alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja Bungoma. Mwaka 1991 taipureta ziliondolewa, naye akaondolewa pamoja nazo. Alikaa miezi minane bila kazi, akilea watoto wawili katika chumba kimoja mtaani Matisi, hapa Kitale. Kompyuta alijifunza kwa kuchungulia wenzake wakizitumia, hadi akapata kazi hapa.

Leo mteja wa kwanza ni Mzee Kimutai, mkulima kutoka mlimani. Mama yake, Cherono, anazikwa saa sita. Gari la kupanda nyumbani linaondoka saa tatu. Ameleta picha moja, ya pekee aliyowahi kupigwa mama huyo, na anataka programu za mazishi zenye herufi za maua.

Edah anaiingiza picha kwenye kompyuta kwa skana, anapakia herufi hizo kwenye printa, kisha anatuma ukurasa. Karatasi ya kwanza inatoka na macho. Ya pili inatoka na mdomo.

"Madam! Si umemkata mama!"

"Sijamkata, mzee. Memori ni ndogo. Maua yako yamekalia kiti chote, picha imekosa pa kukaa."

"Lakini programu uliyowatolea kina Kipkemboi ilikuwa na maua, bana."

"Ya kina Kipkemboi haikuwa na picha. Chagua: maua ama mama."

Kimutai anatazama saa ya ukutani. Saa mbili na nusu.

"Toa maua."

Edah anazima printa ili memori ibaki tupu, anaiwasha tena. Wanangoja. Ngurumo, ukimya, taa ya kijani. Safari hii anatumia herufi za kawaida, zilizomo ndani ya printa yenyewe.

Karatasi inajitokeza pole pole: kitambaa cha kichwani, macho, mdomo, shanga za shingoni. Kimutai anaipokea kwa mikono miwili, ingali moto.

"Ako mzima," anasema.

Edah anaweka akiba anunue memori ya kuongeza, halafu siku moja afungue duka lake Bungoma.

"Hapo mtu akinijia na mama na maua," anasema akimpangia Kimutai nakala zilizobaki, "nitamwambia karibu, wote wataenea."